Mzee ana miaka 57, bado anapanda kreni. Astaafu sasa au asubiri 60?

#1 MwanaMikanjuni
Habari za saa hizi wakuu. Naomba mawazo yenu maana nyumbani tumegawanyika.

Baba yangu ana miaka 57, ni opareta wa kreni kwenye yadi ya makontena hapa hapa Tanga, kampuni binafsi, sitaitaja. Kazi ameianza kijana na anaijua, hata wadogo zake kazini wakikwama wanamwita yeye. Tatizo wiki iliyopita rafiki yake wa kazini alinipigia pembeni akaniambia mzee siku hizi akipanda ngazi ya kwenda kule juu anasimama katikati, anashika chuma mikono yote miwili, anakaa hivyo kidogo ndio anaendelea. Mama anasema inatosha, 55 ya kustaafu kwa hiari imeshapita, aandike barua. Kaka yangu anasema avumilie mpaka 60 ya lazima ili mafao yakue. Mzee mwenyewe anasema kila mwenzake aliyestaafu mapema kazikwa, kwahiyo tukimtoa kazini tunamuua.

Je ni kweli wastaafu hawakai? Na mwenye uzoefu na kazi za juu kwa watu wazima aseme. Natanguliza shukrani.

#2 Kijana_Wa_Makorora
Aandike barua kesho asubuhi. Uzi ufungwe.

#3 FundiPongwe
Mkuu hapo juu usiropoke, hujui unachokisema. Mimi naungana na mzee. Huku kwetu Pongwe nimeona kwa macho yangu, mtu yuko kazini anatembea kama kijana, akistaafu tu mwaka hauishi unasikia msiba. Jirani yangu wa kushoto hivyo hivyo, babamdogo hivyo hivyo. Mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja alfajiri ukiuambia ghafla ulale mpaka saa tatu lazima udai chake. Mwacheni mzee afanye kazi.

#4 SistaWaWodi
FundiPongwe na mwenye uzi, hapo muangalie vizuri nini kilianza. Mimi ni muuguzi, nimekaa na wazee wengi. Wengi mnaowaona wamestaafu wakafa haraka walikuwa wanaumwa tayari, ndio maana wakaomba kutoka mapema. Mtu presha yake iko juu hajui, sukari hajapima hata siku moja, anachoka, anasema ngoja nistaafu nipumzike. Akifa watu wanasema kustaafu kumemuua. Na wale wazima wa afya wanabaki kazini, unawaona wanadunda unasema kazi ndio inawaweka hai. Sio kwamba kukaa bure hakuna madhara, yapo, ila usichanganye.

Baba anatumia dawa yoyote? Hilo ndio la kwanza kujibu kabla ya hesabu za mafao.

#5 Mhasibu_Chumbageni
Tuweke namba mezani ili kaka yako ajue anapigania nini. Fomula ya sasa tangu Julai 2022: miezi uliyochangia gawa kwa 580, zidisha mshahara wa wastani wa mwaka, hiyo ndio pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo, yaani hela unayopewa mara moja ukistaafu, ni hiyo zidisha 12.5 halafu unachukua asilimia, inayobaki unalipwa kila mwezi mpaka unakufa.

Tuseme wastani wake ni milioni 1 kwa mwezi na amechangia miezi 300. Kwa asilimia 40 mkupuo ni kama milioni 31, kila mwezi kama 310,000.

Hii ni fomula kavu, ofisini kwao ndio watampigia yake kwa rekodi zake.

#6 MzeeWaBarabaraYaNane
Mhasibu umeteleza kidogo hapo mwanangu. Asilimia 40 iliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024 ni kwa wale waliokuwa wanapata 50 zamani, yaani watu wa mifuko ya zamani ya watumishi wa umma, PSPF na LAPF, sasa wako mfuko mmoja wa PSSSF. Baba wa huyu binti ni wa kampuni binafsi, huyo ni wa mfuko wa NSSF, na NSSF tangu zamani walikuwa asilimia 25. Kundi hilo lilitoka 33 likaenda 35. Rudia hesabu.

#7 Mhasibu_Chumbageni
Shikamoo mzee, uko sahihi kabisa. Narudia kwa 35.

Akitoka sasa na miezi 300: mkupuo kama milioni 27.1, kila mwezi kama 336,000.
Akisubiri 60, inaongezeka miezi 36 inakuwa 336: mkupuo kama milioni 30.4, kila mwezi kama 376,000.

Kwahiyo anachosubiria kaka mtu ni milioni 3 na kitu kwenye mkupuo na kama 40,000 kwa mwezi. Na mishahara ya hiyo miaka mitatu, tusiidharau, hiyo ndio kubwa zaidi ya yote. Lakini kwa upande wa mafao peke yake tofauti sio ile watu wanayoifikiria vijiweni.

#8 MzeeWaBarabaraYaNane
Marahaba. Sasa hapo umenena.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Tg
Mmenikumbusha machungu na hicho kikokotoo. Sie walimu tulipangia maisha kwenye ile ya zamani, moja ya 540, zidisha 15.5, nusu unabeba. Mtu wa milioni moja na miaka 30 ya kuchangia alikuwa anaondoka na milioni 62. Kanuni mpya zikaja 2018 zikitaka robo, kelele zikawa nyingi, Desemba ile ile Magufuli akasimamisha, tukashusha pumzi. 2022 ikaja 33. Kuna wenzangu walikuwa wamebakiza miezi michache wakawa hawalali, mwingine alishakopa kwa kutegemea mkupuo. Mtu wa namna hiyo akianguka presha mnasema kastaafu vibaya, mimi nasema kauliwa na hesabu kubadilika akiwa mlangoni.

#10 Mhasibu_Chumbageni
Mwalimu pole sana. Ila tuseme na upande wa pili, pensheni ya mwezi kwa mfano huo huo ilikuwa 333,000, kwa sasa kwa asilimia 40 ni kama 372,000. Anayeishi mpaka 85 anaifaidi hii.

#11 Mwalimu_Mstaafu_Tg
Anayeishi mpaka 85! Bati la nyumba linasubiri mpaka nifike 85?

#12 Kijana_Wa_Makorora
😂😂 Mwalimu kapiga msumari. Lakini wakuu tuseme ukweli na sie vijana mtuonee huruma. Mtu ana 57, wa 60 anaongezewa mkataba, wa 63 bado "mshauri". Sie na vyeti vyetu tunapiga bodaboda kutoka Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja.

#13 FundiPongwe
Makorora unadhani mzee akitoka kwenye kreni kesho watakuita wewe? Kreni unaijua?

#14 Kijana_Wa_Makorora
Nitaijuaje kama aliyekaa juu hashuki?

#15 Mjukuu_wa_Mkonge
Nyie mnaongelea hiari na lazima, kuna watu hayo maneno hayawahusu. Babu yangu alikuwa mkataji mkonge upande wa Korogwe. Ile kazi kama hujaiona, mtu anaingia kwenye mstari alfajiri kabla jua halijawa kali, anakata jani, anatoa mwiba wa ncha, anahesabu majani thelathini anafunga tita, anabeba mpaka pembezoni mwa barabara kupanga. Unalipwa kwa ulichopanga. Ukiwa na miaka 30 unamaliza ngwe saa nne unarudi nyumbani. Babu alipozeeka ngwe ile ile ilikuwa inamchukua mpaka adhuhuri, na bibi anamfuata shambani kumsaidia kufunga, kwenye vitabu jina ni moja watu ni wawili.

Hakuna aliyemwambia astaafu. Kilichomwachisha kazi ni jicho, mwiba ulimchoma alipoinama, na sababu hakuuona, macho yalishaanza kufifia siku nyingi na yeye alikuwa anakata kwa mazoea. Mazoea ndio yanawadanganya hawa wazee. Mkono unajua kazi, jicho halioni, na mkono hausubiri jicho.

Mwambie baba yako akapime macho.

#16 SistaWaWodi
Mjukuu wa Mkonge umesema jambo zito, naliongezea. Mtoto wa jicho unakuja taratibu, mtu haoni kama haoni. Presha ya jicho ndio mbaya zaidi, inakula pembeni kwanza, mbele anaona vizuri kabisa, kumbe anayepita kulia kwake hamuoni. Sasa mtu huyo yuko juu na kontena linaning'inia na chini kuna vijana wanatembea. Na masikio pia, aliyekaa na injini miaka mingi anapoteza sauti nyembamba kwanza, filimbi na mtu anayepiga kelele.

#17 MwanaMikanjuni (mwenye uzi)
Asanteni wote. Sista, nimeuliza nyumbani. Kumbe anatumia dawa za presha, mbili, moja inamkojoza. Mama ndio kaniambia, sisi watoto hatukuwa tunajua. Na kuna siku nyingine anaziruka akiwa shifti kwa sababu huko juu hakuna choo, kushuka na kupanda ni shughuli.

#18 SistaWaWodi
Sasa picha imekuja. Hizo dawa kwa baadhi ya watu zinaleta kizunguzungu ukisimama au ukipanda kwa haraka, hasa kipindi cha joto kama Januari mpaka Machi, na mtu mzima hasikii kiu kama kijana, anaweza kuwa mkavu na hajui. Kule kusimama katikati ya ngazi kunaweza kuwa kizunguzungu, kunaweza kuwa moyo, kunaweza kuwa goti tu. Simjui, siwezi kusema kwa hapa. Ila asiache dawa kienyeji na asiruke, arudi kwa daktari aliyempa amwambie kazi yake ni ya juu, wengi hawasemi kazi zao. Dawa zinabadilishwa, saa ya kumeza inabadilishwa. Hospitali ya Bombo pale kuna kliniki, asiende dukani kununua kwa kukumbuka rangi ya kidonge.

#19 NahodhaRaskazone
Mie nilikuwa baharini, meli za mizigo. Sisi cheti cha afya ni miaka miwili tu, kikiisha huendi popote mpaka upimwe tena, macho, masikio, kila kitu, uwe na 25 au 60. Hata marubani wa ndege za abiria za kimataifa, 65 mwisho. Kazi ambayo ukikosea anakufa mwingine lazima iwe na mtu wa nje anayekuangalia. Ukimuachia mwenyewe aamue, hakuna mwanaume wa Tanga atakayesema mie sasa siwezi, atakufa na usukani mkononi.

Nimeshaona bosuni, msimamizi wa mabaharia, mtu mzima, hodari kuliko wote, alichelewa nukta tu kuruka kamba iliyokuwa inakaza gatini. Mguu. Alikuwa anaijua kamba ile kuliko anavyojua jina lake.

#20 FundiPongwe
Nahodha nakuheshimu ila vijana nao wanakatwa miguu, tena wengi, maana hawana akili ya kazi. Mtu mzima anaona hatari kabla haijafika. Kwenye gereji yangu anayeungua ni kijana siku zote, wazee wangu wawili sijawahi kuwapeleka hospitali.

#21 NahodhaRaskazone
Kweli, kijana anaumia mara nyingi. Ila kijana anavunjika mkono anarudi kazini. Mtu wa 60 akivunjika nyonga, Fundi, hiyo ni habari nyingine na unaijua.

#22 Shabiki_wa_Mkwakwani
Mpira unatufundisha, mchezaji 33 anaambiwa mzee. Ile timu yetu ya Coastal Union iliyobeba ubingwa 1988 ingeng'ang'ania wale wale mpaka leo ingekuwaje

#23 Kijana_Wa_Makorora
Kwani si ndio wanaocheza sasa hivi?

#24 Shabiki_wa_Mkwakwani
Makorora tukutane Mkwakwani Jumamosi ulirudie hilo neno.

#25 BintiPangani
Turudi kwenye mada. Kwa wavuvi hakuna 55 wala 60. Baba yangu mdogo anatweka ngalawa mpaka leo na ana wajukuu wanaooa. Yeye anachofanya ameacha kwenda mbali, anabaki ndani ya mwamba, anatega madema, usiku haendi tena. Kipato kimepungua ila hajaacha. Nadhani huko kwenye ajira mnakosa hicho kitu cha katikati, ama uko kazini nzima ama uko nyumbani nzima. Kwanini baba wa mwenye uzi asishuke chini aongoze kreni kwa ishara au afundishe wengine?

#26 Mpemba_wa_Ngamiani
Kwetu Zanzibar angalau kuna pensheni jamii, ukifika 70 unapewa hata kama hujawahi kuajiriwa, ilianza Aprili 2016 kwa 20,000, baadae ikapanda 50,000. Sio nyingi lakini mvuvi wa 72 akiumwa wiki nzima haendi baharini na homa kwa kukosa unga. Huku bara mvuvi na mkata mkonge wanategemea watoto. NSSF wanapokea waliojiajiri pia, lakini nani kijana wa ngalawa anawaza uzee.

#27 Wa_Diaspora_Leicester
Huku Uingereza pensheni ya serikali ilikuwa 66 na inapelekwa 67, watu wanazidi kuongezewa miaka. Ufaransa 2023 waliandamana nchi nzima kwa kutolewa 62 kupelekwa 64. Dunia inaenda kwenye kuongeza, nyie mnataka kupunguza.

#28 Mjukuu_wa_Mkonge
Wa Leicester, wanaongezewa walio kwenye viti. Hata hapa maprofesa na madaktari bingwa wanakwenda mpaka 65 na hakuna anayelalamika, kichwa kinakomaa. Muulize aliyeandamana Ufaransa anafanya kazi gani.

#29 Wa_Diaspora_Leicester
Mimi mwenyewe niko ghalani usiku, sio kwenye kiti mkuu.

#30 Mjukuu_wa_Mkonge
Basi wewe ni mwenzetu, pole na baridi.

#31 MzeeWaBarabaraYaNane
Nataka kumjibu FundiPongwe kwa habari ya wastaafu kufa. Mimi nimestaafu na nipo. Wapo wenzangu waliokufa, nitawaambia nilichokiona. Mmoja alioa tena na mkupuo, ugomvi wa nyumba mbili ukamla. Mwingine alipigiwa simu na matapeli wakijifanya watu wa mfuko, wakamwambia atume hela ya kuharakisha faili, akatuma, akaja kuona aibu kumwambia mkewe. Mwingine alihamia kijijini kulima na hajawahi kushika jembe maishani, na hospitali iko mbali. Mwingine hakufanya kosa lolote, alikaa tu, asubuhi kahawa barazani, mchana analala, jioni kahawa tena na kashata, mwili ukajaa, sukari ikapanda.

Mnaona, ni mambo manne tofauti.

#32 FundiPongwe
Shikamoo mzee. Huyo wa nne si ndiye ninayemsema mimi tangu post ya tatu?

#33 MzeeWaBarabaraYaNane
Marahaba. Ni huyo. Lakini dawa yake ilikuwa kutembea, sio kurudi juu ya kreni. Baiskeli zimejaa mji huu.

#34 Mwalimu_Mstaafu_Tg
Mzee umesahau wa tano, anayekufa kwa upweke. Mie mwaka wa kwanza simu ilikuwa inalia kwa ajili ya mikopo tu. Hela ilipoisha simu ikanyamaza. Nikaanza kufundisha watoto watatu wa jirani uani, bure, leo uani hakuna nafasi na wazazi wanalipa. Bila hao watoto sijui.

#35 Wakili_Kitaa
Jambo moja hamjaligusa. Mzee akifika 60 na kampuni ikamrudisha kwa mkataba wa mdomo, akiumia anadai nini? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, waajiri wote wa Tanzania Bara wanatakiwa kuchangia, binafsi na serikali, na mfanyakazi hachangii hata senti. Lakini ukiwa "mzee tunakuita tukikuhitaji", huna barua, hujaandikwa popote, siku ya ajali utasikia huyu hakuwa mfanyakazi wetu, alikuja kusalimia. Nimeona kesi ya namna hiyo, familia ilihangaika kutafuta hata karatasi moja yenye sahihi yake. Akibaki au akirudi, aandikishwe.

#36 MwanaMikanjuni (mwenye uzi)
Nimesoma yote, mengine nimemsomea mzee mwenyewe kwa sauti. Ya mwiba wa mkonge alinyamaza. Ya BintiPangani ndio ameikubali, anasema kushuka chini kuwaongoza vijana kwa ishara yuko tayari, ila sio kuandika barua. Macho anakwenda kupima na mama anamsindikiza. Kaka yangu ameziona hesabu za #7 na bado anasema mishahara ya miaka mitatu sio mchezo, mdogo wetu yuko chuo. Na hapo ana hoja.

Swali, akishushwa chini mshahara ukapungua, mafao yake hayataharibika?

#37 Mhasibu_Chumbageni
Asisaini chochote kabla ya kwenda NSSF kuuliza mafao yake yatapigwa kwa mishahara ya miaka ipi. Na aombe kwa mwajiri barua inayosema amebadilishiwa kituo cha kazi na mshahara unabaki ule ule, wengine wanakubali kwa mtu wa muda mrefu. Aangalie na michango yake miezi yote imeingia, kuna watu wanakuta mashimo ya mwaka mzima.

#38 FundiPongwe
Achukue na kopi za salari slipu za zamani. Na Mwana Mikanjuni bado sijabadilika, mzee asikae nyumbani.

#39 SistaWaWodi
Hakuna aliyesema akae nyumbani Fundi jamani.

#40 Mama_Vitumbua_DeepSea
Samahani nachomekea hapo hapo. Mama yangu ana 66, anakaanga samaki Deep Sea, moshi umemharibu kifua, anakohoa usiku kucha, nikimwambia aache anasema nani atalipa ada za wajukuu, na kweli sina cha kumjibu. Huyu hana NSSF, hana barua, hana bosi. Naye mnanishauri nini?

#41 BintiPangani
Anakaangia kuni au mkaa? Na anakaa ndani ya kibanda au nje?